Jina la Ziwa Lililochelewesha Ndoa

Wengine wenu mmeleta maneno, mkiuliza kwa nini karani wenu alikaa kimya majuma mawili, wala ukurasa huu haukuwa na lolote kutoka kwake. Si ugonjwa wala si uvivu. Nilikuwa na shauri la kutengeneza, nami mwenyewe ndimi niliyelianzisha, tena kwa neno moja tu nililoliandika bila kufikiri. Leo nataka niwaeleze habari zake, maana neno lenyewe ninyi nyote mnalo midomoni, na wengi wenu mngaliliandika kama nilivyoliandika mimi.

Parokia yetu iko pwani ya mashariki ya ziwa. Kijana mmoja wa ng'ambo, kutoka upande wa Nkhata Bay, alimposa binti wa kijiji chetu. Walijuana sokoni, maana baba zao ni wavuvi na wachuuzi wa dagaa, na mashua zao huvuka huku na huku miaka yote. Posa ikakubaliwa, mahari ikapokelewa, vyeti vya ubatizo vikaletwa. Ikabaki kutangaza kanisani Jumapili tatu kama ilivyo desturi, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Anayeandika matangazo hayo ni mimi. Nikaandika kwamba fulani, mwana wa fulani, "wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa," ataka kufunga ndoa na fulani wa kwetu. Katekista akasoma kwa sauti nzuri, watu wakatabasamu, nami nikarudi nyumbani kula ugali kwa usipa bila wasiwasi wowote. (Usipa ndio dagaa wetu. Ninyi wa bara msiowajua mna hasara.)

Jumatatu, kabla sijafungua dirisha la ofisi, baba mdogo wa yule kijana alikuwa amekwisha kukaa barazani. Alikuwa amevuka ziwa kwa ajili ya tangazo la kwanza, akalala kwa wakwe. Ni mtu wa makamo, mvuvi, mpole wa maneno. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mashua na za upepo. Kisha akasema:

"Mwalimu, sina ugomvi nawe. Ila jana nilisimama kanisani mbele ya watu, nikasikia mwanangu akitangazwa kwa jina la nchi iliyokwisha kufa. Nyasaland ilikufa mwaka 1964. Ziwa letu ni Ziwa Malawi. Ukiliita Nyasa, labda wasema sisi tungali watoto wa Mwingereza, labda wasema maji tunayovua si yetu. Ni lipi kati ya hayo mawili?"

Nikamwambia, "Hapana, baba, sikusema lolote kati ya hayo. Ndilo jina nililofundishwa shuleni."

"Nami," akajibu, "nilifundishwa langu shuleni."

Hapo ningaliweza kuomba radhi, mambo yakaisha. Lakini babu wa binti akaingia wakati ule ule kuniuliza habari ya mabenchi ya karamu, akasikia maneno ya mwisho. Yafaa niwaeleze wasomaji wa mbali kwamba kwetu Nyasa si jina la maji tu. Ni jina la watu. Kuanzia Mbamba Bay kwenda Liuli na mbele yake, ukimwuliza mtu kabila lake, wengi watakujibu, "Mimi Mnyasa." Wilaya yenyewe, iliyomegwa kutoka Mbinga, yaitwa Wilaya ya Nyasa. Mzee yule ni Mnyasa, na baba yake Mnyasa, na babu yake Mnyasa.

"Kumbe jina langu ni jina la maiti?" akauliza. "Mimi sikupewa na Mwingereza." Akamgeukia mgeni. "Ninyi mmebadili jina la nchi yenu, vema, nchi ni yenu. Lakini na langu mmelibadili? Mtu akija kumwoa mjukuu wangu, huanza kwa kunifuta mimi?"

Mgeni akasema hakuna aliyemfuta mtu. Babu akasema, basi kama hakuna, na aseme "Nyasa" pale pale tusikie. Mgeni akasema hawezi kusema neno kwa kulazimishwa, yeye si mtoto mdogo. Maneno yakapanda. Kabla jua halijafika utosini, mzee alikuwa amekwisha kutamka kwamba mahari itarudishwa, na mgeni alikuwa amekwisha kutuma kijana pwani kutazama kama mashua iko tayari. Nami nimekaa katikati yao na kalamu yangu. Binti mwenyewe alikuwa akilia nyuma ya jiko, nikaambiwa baadaye.

Baba Paroko aliposikia alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akaniambia, "Wewe ulisomea ualimu. Tafuta ukweli wa jambo hili, uwaeleze wote wawili sawasawa, usimpendelee mtu." Ndiyo kazi iliyonila majuma yale mawili.

Tuanze na jina lenyewe. Daktari Livingstone alifika upande wa kusini wa ziwa hili mwezi wa Septemba 1859, akipandia kwa mto Shire. Hakuwa mgeni wa kwanza kuliona. Mreno mmoja mfanyabiashara, Candido Cardoso, alikuwa amefika mwaka 1846, na misafara ya kutoka Kilwa ilikuwa ikivuka maji yale siku nyingi kununua pembe za ndovu, na, Mungu atusamehe, kununua watu. Lakini Livingstone ndiye aliyeandika vitabu vilivyosomwa Ulaya, na mwenye kitabu humshinda mwenye kumbukumbu. Neno aliloliandika ni neno la wenyeji la maji makubwa. Wayao husema nyasa, wengine huku husema nyanja, na Wasukuma kule mbali kaskazini husema nyanza. Maana ni moja tu: ziwa. Kwa hiyo tunaposema "Ziwa Nyasa" twasema "Ziwa Ziwa," kama mtu aliyempa mwanawe jina la Mtoto.

Hata hivyo ni neno la wenyeji, wala si la malkia. Litazameni ziwa la kaskazini: Speke aliliona mwaka 1858, akalipa jina la Malkia Victoria, nalo halijatoka mpaka leo. Sisi tulipona. Au tuseme maji yalipona, maana milima iliyoinama juu ya ziwa letu upande wa mashariki, wanakokaa Wakinga na Wapangwa, ilipewa jina la Livingstone mwenyewe, na ramani zingali zikiiita hivyo. Mkinga hakuulizwa.

Baadaye Waingereza wakalichukua lile neno wakalifanyia kazi nyingine. Mwaka 1907 waliiita nchi yote ya magharibi ya ziwa Nyasaland, yaani Nchi ya Nyasa. Hapo ndipo neno moja liliposhika njia mbili. Huku kwetu mashariki likabaki jina la maji na la watu. Kule magharibi likawa jina la serikali: jina lililopigwa muhuri juu ya kodi, juu ya hati ya kufungwa, juu ya mashamba ya walowezi ambako mtu alilipia mahali pake pa kukaa kwa kufanya kazi ile waliyoiita thangata. Mwaka 1915 mchungaji John Chilembwe aliinuka kupigana na serikali hiyo, akauawa. Mwaka 1959 Daktari Kamuzu Banda na wenzake walitiwa kizuizini na serikali ya jina hilo hilo. Basi nchi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, je, msomaji, wewe ungaliendelea kuvaa kanzu uliyofungiwa gerezani?

Wakachagua Malawi, kutoka kwa Wamaravi, watu wa ufalme wa zamani ambao Wareno waliuandika karne nyingi kabla ya Livingstone. Tena ramani za kale za Ulaya zilikuwa zikichora ziwa refu katika sehemu hizo na kuliita Maravi. Banda mwenyewe alieleza kwamba aliliona jina hilo katika ramani ya zamani ya Kifaransa, likampendeza. Kwa hiyo asije mtu wa kwetu akasema kwamba jina la Malawi lilizaliwa juzi ofisini. Lina umri wake. Nami nakiri kwamba kabla ya shauri hili sikulijua jambo hilo, ingawa nimefundisha jiografia darasa la tano.

Sasa tuje kwenye mpaka, maana ndio ulioyatia majina haya sumu.

Tarehe 1 Julai 1890, Wadachi na Waingereza walitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ni mkataba ule ule uliowapa Wadachi kisiwa cha Heligoland huko Ulaya, na kuiweka Unguja chini ya ulinzi wa Mwingereza. Katika kifungu cha kwanza waliandika kwamba mpaka wa kusini wa sehemu ya Wadachi utafuata mto Ruvuma, kisha utakwenda mpaka ziwa, kisha utafuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka mdomo wa mto Songwe. Ukifuata maneno hayo kwa kidole juu ya ramani utaona kwamba maji yote, ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 580, yamebaki kwa Mwingereza. Mama wa Liuli akitumbukiza ndoo yake, amechota katika nchi ya kigeni. Mtoto akijitosa kuoga, amevuka mpaka bila pasi. Na kwa kuwa maji ya ziwa hupanda miaka ya mvua na kushuka miaka ya ukame, mpaka wenyewe huingia shambani mwako ukala mihogo, kisha hutoka. Hao waliotia sahihi walikuwa wakitazama karatasi. Lakini tuwatendee haki: katika kifungu cha sita waliandika pia kwamba mistari hiyo yaweza kusahihishwa kwa mapatano, kufuatana na mahitaji ya mahali penyewe. Mlango waliuacha. Kwa upande wetu wa ziwa hakuna aliyeupita.

Wadachi, waliokosa maji, walijifariji kwa kuipa pwani majina. Liuli pana jiwe kubwa bandarini, lililowakumbusha ile sanamu ya Misri ya simba mwenye kichwa cha mtu, wakapaita Sphinxhafen. Manda wakapaita Wiedhafen. Kaskazini wakajenga Langenburg, na Tukuyu kule mlimani ikawa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Ilipoanza vita ile kuu, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Mwingereza iitwayo Gwendolen ilikuja Sphinxhafen ikaipiga mzinga meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Yasimuliwa kwamba nahodha Mdachi hakuwa na habari ya vita, na yule aliyempiga alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, akatoka kwa mashua kumwuliza kama amelewa. Leo nenda Liuli uulize njia ya Sphinxhafen. Watu watadhani wataka kupelekwa hospitali. Jiwe lipo pale pale, na jina limekwenda zake pamoja na waliolileta.

Baada ya vita Mwingereza akashika pande zote mbili, pwani ya kwetu na ziwa pia, na mtu hagombani na mkono wake mwingine. Baadhi ya ramani zake za miaka hiyo ziliuonyesha mpaka katikati ya maji, nyingine ukingoni. Mwaka 1954 yeye na Mreno walipatana kwa upande wa Msumbiji: mpaka ukapita katikati ya ziwa, isipokuwa visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyo karibu sana na pwani ya Msumbiji, vikabaki vya Nyasaland. Kwa upande wa Tanganyika hawakuandikiana hivyo.

Ndipo ukaja mwezi wa Julai 1964. Malawi ilipata uhuru, na siku chache baadaye wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo wakaamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Aliyeutetea sana uamuzi huo ni Mwalimu Nyerere. Ulikuwa uamuzi wa hekima, naamini umezuia damu nyingi. Lakini ndio huo huo ambao wenzetu wa Malawi huuweka mezani wakati wowote shauri hili linapofufuka, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba hatuujui. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanganyika yenyewe ilikuwa imekwisha kusema Bungeni kwamba ziwa haliko ndani ya mipaka yake. Mwaka 1967 Tanzania ikatangaza kwamba mpaka wa haki ni katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa mengi yanayogawana ziwa, na kwamba watu waishio ukingoni hawawezi kuwa wageni wa maji yao. Banda akakataa. Mwaka 1968 akaenda mbali zaidi, akasema hata Songea, Njombe na Mbeya ni nchi ya Malawi kwa asili. Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo.

Kisha shauri likalala, likaamshwa na harufu ya mafuta. Mwaka 2011 serikali ya Malawi iliipa kampuni ya Uingereza ruhusa ya kutafuta mafuta na gesi chini ya ziwa, na mwaka 2012 Tanzania ikataka kazi hiyo isimame kwanza. Rais Kikwete na Rais Joyce Banda wakakutana, wajumbe wakaenda na kurudi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Malawi ikajitoa katika mazungumzo, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa ramani mpya ya Tanzania iliyochora mpaka majini. Baadaye shauri likapelekwa mbele ya marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mapatano yaliyotiwa sahihi hayajapatikana.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, niliweka kitabu chini nikajiuliza: katika yote haya, jina limefanya kazi gani?

Mkataba wa 1890 uliandika ziwa hili kwa jina la Nyasa. Na chini ya jina hilo hilo maji yote yalikwenda upande wa magharibi. Basi jina la Nyasa halikuwapa watu wa kwetu hata tone. Wareno waliliita Niassa, na watu wa Msumbiji wanaliita Niassa mpaka leo, hata mkoa wao una jina hilo. Je, Malawi inagombana nao? Hapana. Mpaka wao ulipatana na kalamu mwaka 1954, na tangu hapo kila mtu huliita ziwa apendavyo na kulala usingizi. Nendeni Ziwa Tanganyika. Mwingereza aliipa nchi yetu jina la ziwa hilo mwaka 1920, nasi tuliishi kwa jina hilo hata mwaka 1964. Mkongo, Mrundi na Mzambia hawakuona kwamba tumewanyang'anya maji, na Wakongo wenyewe siku hizi wana mkoa uitwao Tanganyika. Miaka ya 1970 Mobutu aliliandikia Ziwa Albert jina lake, na Idi Amin akajipa lile la Edward. Wenye majina walipoanguka, majina nayo yalianguka, na samaki hawakuhama.

Kwa hiyo jina halimpi mtu mpaka wala halimnyang'anyi. Hilo naliona wazi. Lakini, msomaji, kama ndivyo, mbona wale wazee wawili walikuwa tayari kuivunja ndoa ya watoto kwa ajili yake?

Hapa ndipo nilipokaa sana. Watu wetu walioko kazini Dubai na Maskati wanajua kwamba kule Ghuba Waajemi huyaita maji yale Ghuba ya Uajemi, na Waarabu huyaita Ghuba ya Kiarabu. Mwaka 2010 serikali ya Iran ilitisha kuyazuia kupita katika anga yake mashirika ya ndege yatakayotumia jina la Kiarabu. Si kwamba jina likitajwa ndani ya ndege maji yatahama. Ni kwamba mpaka ukiwa na mashaka, au mahali palipokuwa na unyonge zamani, sikio la mtu huwa kama kidonda. Husikii tena jina, wasikia dai. Baba mdogo aliposikia "Nyasa" alisikia kodi na thangata, akasikia na ramani mpya. Babu aliposikia "Malawi" alisikia kwamba kabila lake halina mahali. Mimi niliyeandika sikusikia lolote, na nadhani ndiyo sababu niliandika.

Kuna jambo moja nitalisema, ingawa najua wengine mtaniandikia barua. Shuleni tunawafundisha watoto wetu jina moja tu, na ng'ambo wanawafundisha watoto wao jina moja tu, kila mmoja kana kwamba yule mwingine amekosea hesabu. Mwalimu angetumia dakika mbili kusema: sisi twaliita hivi kwa sababu hii, na wenzetu vile kwa sababu ile. Mtihani hautaharibika. Mtoto huyo kesho atakutana na mwenzake majini, usiku, nyavu zao zimeshikana, upepo wa mwera unavuma, na itafaa wajue jinsi ya kuanza kusemezana.

Basi niliwaita wale wawili chini ya mwembe wa misheni. Baba mdogo alikuwa amerudi kwao, ikanibidi nimtumie simu, naye akavuka tena, jambo ambalo peke yake lilinionyesha kwamba hakutaka ndoa ivunjike. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, tena kwa kirefu zaidi. Babu aliposikia kwamba mkataba wa Wadachi uliyatoa maji yote chini ya jina lile lile analolipenda, alinyamaza, akawa anakwaruza ardhi kwa fimbo. Baba mdogo aliposikia kwamba Nyasa si neno la Kiingereza, aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ni neno la Wayao. Akasema, "Wayao tunao hata sisi."

Kisha babu akamwuliza, "Ninyi kwenu, mtu akitoka na nyavu jioni, mkewe akimwuliza aenda wapi, husemaje?"

"Husema, naenda ku nyanja."

"Nasi husema kunyanja," akasema babu. Wakatazamana. Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Babu alisema tu kwamba mabenchi bado hayajapatikana.

Jumapili iliyofuata katekista alisoma kwamba fulani ni "wa ng'ambo ya nyanja." Jumapili ya tatu vile vile. Lakini baba mdogo alikuja ofisini akataka kuona nitaandika nini katika kitabu cha ndoa, maana tangazo hupita na upepo lakini kitabu hukaa. Nikamfungulia. Tukatazama pamoja: jina, jina la baba, jina la mama, kijiji, parokia, jimbo. Hakuna mahali paulizapo ziwa. Kitabu chenyewe hakikuwahi kuniuliza! Neno lile niliongeza mimi, kwa kupenda kupamba tangazo. Alinitazama kwa muda, na mimi sikupata la kusema, nikaandika kijiji chake na parokia yake kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Ndoa ikafungwa. Katika karamu baba mdogo alisimama kutoa shukrani, akataja "Ziwa Malawi" mara tatu, na kila mara babu alikohoa, mpaka watu wakawa wanaingojea kikohozi na kucheka kabla haijafika. Mara ya tatu babu mwenyewe alicheka. Kisha alipopewa nafasi alisema maneno yake, akataja "Ziwa Nyasa," na ng'ambo yote ikakohoa.

Kama ilivyo sheria, niliiandikia parokia ya kijana kuwaarifu kwamba ameoa, ili watie habari hiyo karibu na jina lake katika kitabu cha ubatizo. Jibu limefika juzi, barua fupi ya adabu kutoka kwa karani mwenzangu, ndani ya bahasha yenye stempu nzuri: mashua, milima, maji ya buluu, na chini yake jina lao la ziwa kwa herufi kubwa. Nimeiweka katika jalada. Babu hajaiona.